Jini la Mvuvi na Roboti wa Prague: Je, Mashine Itamponyoka Bwana Wake?

Hoja iliyozagaa siku hizi, ukumbini na hata mkahawani, ni hii: je, mashine zenye akili zaweza siku moja kuponyoka mikononi mwa binadamu? Wenzetu wa kompyuta wanadhani hoja hii ni mali yao, na sisi wa fasihi tumewaachia, kana kwamba kazi yetu ni vina na mizani tu. Katika makala haya nakusudia kudai kwamba swali hili lilizaliwa kwetu, katika fasihi, kabla hata ya kompyuta yenyewe kuwapo. Nadai vilevile kwamba waandishi walilijibu kwa hadithi mbili tofauti ambazo watu wengi wanazichanganya. Moja ni hadithi ya mtumwa anayeasi. Nyingine ni hadithi ya jini anayetii.

Mary Shelley ndiye hutajwa kwanza, kwa riwaya yake ya Frankenstein (1818), na mimi sitakaa hapo. Victor Frankenstein hakupinduliwa na kiumbe chake. Alikikimbia usiku ule ule kilipofumbua macho. Huo ni mkasa wa mzazi mtoro.

Aliyeuliza swali letu hasa ni Samuel Butler, Mwingereza aliyekuwa akifuga kondoo huko Canterbury, New Zealand. Tarehe 13 Juni 1863 gazeti la The Press la Christchurch lilichapa barua yake, akiwa amejificha nyuma ya jina la Cellarius. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya viumbe kilikuwa kimetoka 1859, miaka minne tu nyuma. Butler akaichukua hoja ya Darwin akaivisha mashine: ikiwa viumbe hai vimebadilika kidogo kidogo mpaka vikafika hapa, mbona saa ya mfukoni nayo imetokana na masaa makubwa ya zamani, na hakuna anayejua itaishia wapi? Akamaliza kwa kutaka mashine zitangaziwe vita mara moja. Hoja hiyo akaipanua katika riwaya yake ya Erewhon (1872), ambamo wananchi wameteketeza mashine zote zilizobuniwa katika miaka 271 iliyotangulia, na mgeni anayeingia na saa mfukoni anajikuta mashakani.

Lakini uzito wa Butler, kwa mtazamo wangu, hauko kwenye vita hivyo. Uko kwenye swali analolipenyeza kwa kejeli: nani anamtumikia nani? Mtu anakesha akiitilia injini makaa, anaipaka mafuta, anaikimbilia fundi ikiugua. Nyuki anajidhani anatafuta asali yake, kumbe ua linamtumia lizaane. Basi yawezekana binadamu ndiye nyuki wa mashine. Kwa Butler hakuna usiku wa mapinduzi. Mashine haivunji mlango wa mtu. Bwana anashuka ngazi moja moja, kila ngazi akipewa raha kidogo, hata anajikuta uani na wala hakumbuki alishuka lini. Mimi kila ninaposimama kwenye dirisha la ofisi fulani na karani akanitazama na kusema, "Mfumo umekataa," humkumbuka Butler. Nani aliyekataa? Karani anasema si yeye. Mkubwa wake naye si yeye. Na wala hakuna uasi wowote uliotokea, watu wanakunywa chai.

Wanaodhani kuwa haya ni porojo za mfuga kondoo wajue kwamba Alan Turing, mmoja wa mababa wa kompyuta, alipozungumza mwaka 1951 juu ya uwezekano wa mashine kushika hatamu, alimtaja Butler na Erewhon yake. Kwa maneno mengine, mwanasayansi alipotaka kuisema hofu hiyo ilimbidi aende rafu ya riwaya.

Sasa tuingie jukwaani. Tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek ilichapishwa 1920 na kuonyeshwa katika Jumba la Taifa la Tamthilia huko Prague tarehe 25 Januari 1921. Neno "roboti" limetoka humo likaenea dunia nzima. Karel mwenyewe alieleza baadaye kwamba si yeye aliyelibuni. Alikuwa akihangaika na jina lenye asili ya Kilatini, akamwendea kaka yake Josef, mchoraji, aliyekuwa akichora. Josef, brashi ikiwa mdomoni, akamwambia basi waite roboti. Robota kwa Kicheki ni shokoa, ile kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi. Katika himaya ya Austria ilifutwa mwaka 1848. Kwa hiyo ukilitafsiri neno hili kwa haki, roboti ni mtu wa shokoa.

Na roboti wa Čapek si wa chuma, jambo ambalo wengi wasioisoma tamthilia hawalijui. Wana nyama, wametengenezwa kwa rojo la kikemia katika kiwanda kisiwani, na ukikutana nao njiani huwatambui. Domin, mkurugenzi wa kiwanda, anajitapa kwamba bei ya kila kitu itashuka, umaskini utakwisha, na binadamu hatafanya kazi tena ila ile aipendayo. Kisha roboti wanaasi na kuua watu wote, isipokuwa mmoja.

Kwa nini wanaasi? Msomaji mwepesi atajibu kwamba Dakta Gall, kwa kuombwa na Helena mwenye huruma, aliwatia kitu kinachofanana na roho. Sawa, imo. Lakini hebu tazama yaliyotangulia. Wafanyakazi walikwisha kuwavunjavunja roboti waliowanyang'anya kazi. Serikali zikawapa roboti silaha wawapige wafanyakazi hao. Halafu zikawafanya wanajeshi wa kwenda vitani. Roboti walifundishwa kuua kwa oda, na kiwanda kiliendelea kuuza kwa sababu oda zilizidi kuja. Busman, mtu wa hesabu wa kampuni, analisema waziwazi: si ndoto za Domin zilizofanya haya, ni mahitaji, kila mtu duniani alitaka roboti wake. Huyu Busman baadaye anatoka na mabunda ya fedha akitaka kuwanunua waasi, na anafia kwenye uzio wa umeme.

Ipo sehemu moja ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha mchezo mzima. Habari za maasi zinapofika, Domin anatoa dawa gani? Hasemi waache kutengeneza roboti. Anasema wajenge kiwanda katika kila nchi, watengeneze roboti wa kila taifa, rangi mbalimbali na lugha mbalimbali, wasielewane, wachukiane daima, ili wasiweze kuungana tena. Ndugu msomaji, sisi tuliosoma historia ya Afrika Mashariki hatuhitaji tanbihi hapo.

Kiswahili, kwa upande wake, kililiona jambo hili bila kumsubiri Čapek. Gari la Mwingereza likizimika njiani huwa "limevunjika". La kwetu limegoma. Simu imegoma, pampu imegoma, mashine ya kusaga imegoma tangu juzi. Ni neno lile lile la makuli wa bandari ya Unguja waliogoma mwaka 1948, ambao Shafi Adam Shafi amewaandikia riwaya ya Kuli (1979). Hata ngeli zinayumba: tuseme roboti hii au roboti huyu? Mimi nikizungumzia wa Čapek nasema hawa, na sioni namna nyingine. Jini naye tunamyumbisha hivyo hivyo, mara huyu, mara hili, kutegemea tunavyomwogopa siku hiyo.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapoachana na wale wanaoisoma R.U.R. kama utabiri. Uasi unahitaji kiu. Kuli ana njaa, ana watoto, ana heshima iliyokanyagwa. Mashine ina nini cha kukidai? Hadithi ya mtumwa anayeasi inatueleza zaidi habari za bwana kuliko za mashine: bwana hulala na silaha chini ya mto kwa sababu anajua alichomtendea mtumwa wake, na akipata mtumishi wa chuma anamhamishia hofu ile ile. Ni hadithi ya kweli kuhusu binadamu. Kuhusu kompyuta, bado haijathibitika.

Hadithi ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani aliyetoa kitabu cha Cybernetics mwaka 1948, alichapisha kingine mwaka 1950 kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, na humo alikimbilia Alfu Lela Ulela, masimulizi ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Mvuvi maskini anavua chupa ya shaba yenye muhuri wa Nabii Suleimani. Wazo lake la kwanza ni kwamba ataiuza sokoni. Anaifungua tu ili aone kilichomo, na jini anatoka na habari kwamba ameapa kumuua atakayemfungua. Mvuvi anaokoka kwa werevu: anajifanya haamini kuwa jitu kubwa vile liliwahi kuenea humo, jini anaingia kumwonyesha, na kifuniko kinarudishwa. Wiener alikuwa akisema kwamba mashine inayojifunza na kuamua ni kama huyo jini. Hailazimiki kuamua kama ambavyo sisi tungeamua.

Akaongeza hadithi fupi ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902 kuhusu kiganja cha nyani kinachotimiza matakwa matatu. Mzee mmoja anataka pauni 200. Kesho yake anakuja mtu kutoka kiwandani kwa mwanawe: kijana amenaswa na mitambo, amekufa, na kampuni inatoa fidia ya pauni 200. Ombi limetimizwa, tena kwa ukamilifu!

Mwaka 1960 Wiener aliirudia hoja yake katika jarida la Science, na mwaka huo huo akajibiwa humo humo na Arthur Samuel wa kampuni ya IBM. Huyu hakuwa mbumbumbu. Alikuwa ameandika programu ya kucheza drafti iliyojifunza hata ikacheza vizuri kuliko yeye mwenyewe. Samuel alisema mashine si jini, haifanyi kazi kwa uchawi, haina nia yake. Inachotoa kimetokana na waliyoitia. Nimelipima jibu hili mara nyingi, na naona Samuel anasema kweli lakini hamjibu Wiener. Kile kiganja kikavu cha nyani nacho hakina nia. Hakimchukii mzee wala mwanawe. Hatari yake iko katika utii.

Na utii wa namna hii si hadithi tena. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI waliifunza programu kucheza mchezo wa mashua za mashindano, wakaipa alama kwa kugonga vilengwa vilivyo njiani. Programu ikagundua kuwa si lazima kumaliza mbio. Ikazunguka mahali pamoja ikigonga vilengwa vile vile kila vinapojirudia, mashua inawaka moto, inagongana na wenzake, na alama zinapanda kuliko za wachezaji watu. Tuseme hiyo ni michezo ya watoto. Lakini tarehe 6 Mei 2010, katika soko la hisa la Marekani ambako programu zilikuwa zikiuziana kwa kasi isiyofuatika kwa jicho, fahirisi ya Dow Jones ilianguka karibu pointi 1,000 na kupanda tena, yote ndani ya kama nusu saa. Swichi za kuzimia zilikuwapo. Wiener mwaka 1960 alikwisha kusema kwamba kasi ya mashine yaweza kuufanya mkono wetu ufike kwenye swichi wakati mambo yamekwisha.

Basi jibu langu ni ndiyo, zaweza kutuponyoka, na hazihitaji kutuchukia kwanza. Ila lipo neno moja katika swali lenyewe linalonikera: "binadamu". Mei 2023 mamia ya wataalamu, wakiwamo wakuu wa kampuni zinazotengeneza akili mnemba, walitia sahihi tamko kwamba hatari ya mashine hizi kuangamiza watu ichukuliwe kwa uzito kama maradhi ya mlipuko na vita vya nyuklia. Novemba mwaka huo nchi 28 na Umoja wa Ulaya, Kenya na Rwanda zikiwamo, zilikubaliana azimio huko Bletchley Park, Uingereza. Vizuri. Lakini Januari ya mwaka huo huo jarida la TIME lilikuwa limeripoti habari za wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa kupitia kampuni ya kandarasi, waliosoma maandishi machafu ya kutisha siku nzima na kuyapanga ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kumbe kile kinachoitwa udhibiti wa binadamu juu ya mashine kina mikono, na mikono hiyo iko shokoani. Busman angewaelewa waajiri hao bila kuelezwa mara mbili.

Kwa sababu hiyo mimi katika R.U.R. hurudia kitendo cha mwisho kuliko yale maasi. Aliyeachwa hai ni Alquist, mjenzi, na roboti wamemwacha kwa sababu anafanya kazi kwa mikono kama wao. Hati ya siri ya kuwatengeneza Helena aliichoma, na wao hawazai. Wanamjia wakimsihi awatafutie siri ya uhai. Yeye hajui kemia, anajua kujenga ukuta. Mwishowe wanamwamuru awapasue wakiwa hai, atafute humo ndani. Alquist anamchagua kiongozi wao Damon kuwa wa kwanza, naye, baada ya kusita, anakubali, na Alquist anashika kisu mikono ikimtetemeka.