Kisiwa cha Kavala na Ziwa Lililoshuka

Msafiri atokaye Kalemie kwa mashua na kuambaa pwani kuelekea kaskazini huifikia Mtowa, na katika maji ya jirani hukutana na Kavala, kisiwa kidogo chenye vilima. Jina lake hutajwa kwa nadra, na mara nyingi ni kwa sababu ya kituo cha Chama cha Wamisionari wa London kilichokuwa hapo. Lakini habari za kituo hicho haziwezi kueleweka bila kuyachunguza maji yaliyokizunguka.

Cameron aliufikia mlango wa Lukuga mwaka 1874 akaamini kwamba ndipo ziwa linapotokea. Stanley, mwaka 1876, aliukuta umezibwa na matope na mafunjo. Ziwa Tanganyika lilikuwa likipokea mito mingi pasipo kutoa, nalo likapanda. Baadaye kizuizi hicho kilibomoka, na mwishoni mwa mwaka 1879 Thomson aliuona mto ukienda kwa kasi kuelekea Lualaba. (Maji hayo, ieleweke, hayapiti Ankoro. Hapo Lualaba hupokea Luvua, iletayo maji ya Mweru; Lukuga huingia mbele zaidi, kaskazini ya Kabalo.)

Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi ziwa lilishuka karibu mita 10. Katikati ya mshuko huo, mwaka 1885, nahodha Edward Hore alihamia Kavala pamoja na mkewe Annie, aliyekuwa amebebwa na wapagazi kitini kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, na mtoto wao mdogo Jack. Maji yaliyokitenga kisiwa na bara la Uguha ndiyo yaliyokuwa ukuta wao. Na ukuta huo ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka. Familia iliondoka mwaka 1888, na Jack akafariki London mwaka uliofuata.

Kwa hiyo asomaye maelezo ya Hore hana budi kuanzia kwenye vilima. Ufuko alioukuta nahodha sio aliouacha, wala sio wa leo: ziwa lilipanda tena mwaka 1964, na katika miaka ya 2021 na 2024 liliingia katika nyumba za watu huko Kalemie, Uvira na Bujumbura.