Ngozi ya Utando: Jinsi Chujio la Polima Lilivyoweza Kutenga Chumvi na Maji

Kuchuja kwa utando kulitafitiwa kwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kufaa kwa kazi kubwa ya kuondoa chumvi, na kilichokwamisha kazi hiyo hakikuwa ugumu wa kupata vitundu vidogo, bali ukweli kwamba vitundu vikishakuwa vidogo kiasi cha kuzuia kisichotakiwa, maji nayo hupita kwa shida. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliziba chombo cha pombe kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji, na kibofu kikavimba kwa sababu maji yaliingia kwa kasi kuliko pombe ilivyotoka. Huo ndio mwanzo wa elimu ya osmosisi, yaani mwendo wa maji kupitia utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Kibofu, hata hivyo, hakibuniwi na mtu, hupokewa kama mnyama alivyokiacha. Kwa hiyo historia ya kusanifu tando yaanza hasa pale polima, ambayo ni dutu iliyojengwa kwa molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo, ilipoyeyushwa na kutandazwa kwa vipimo.

Waliotangulia katika njia hiyo walifanya kazi Ujerumani. Mwaka 1907 Heinrich Bechhold alionyesha kwamba kwa kubadili wingi wa polima katika mchanganyiko angeweza kupata tando zenye vitundu vya ukubwa tofauti, na muongo mmoja baadaye Richard Zsigmondy na Wilhelm Bachmann wa Göttingen wakaifanya kazi hiyo iweze kurudiwa kiwandani. Tando za namna hii zilipata umuhimu wa kuokoa maisha wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yalipoharibu mifumo ya maji ya miji kama Hamburg: sampuli ya maji ilipitishwa kwenye utando, bakteria wakanaswa juu yake, kisha utando ukawekwa juu ya chakula cha vijidudu mpaka kila bakteria akazaa kundi linaloonekana na kuhesabika kwa macho.

Lakini bakteria ni mkubwa mno akilinganishwa na chumvi iliyoyeyuka, na hapa kanuni ya mtiririko haina huruma, kwani nusu kipenyo cha kitundu kikipunguzwa kwa nusu, maji yapitayo katika kitundu hicho hupungua mara 16. Jambo moja tu humwachia msanifu nafasi, nalo ni unene, maana njia ikiwa fupi maji hupita zaidi. Katika miaka ya 1950, Charles Reid na Ernest Breton wa Chuo Kikuu cha Florida walithibitisha kwamba selulosi asetati, polima itokanayo na mimea, huzuia karibu chumvi yote pale maji ya chumvi yanaposukumwa kwa shinikizo lililo kubwa kuliko lile la osmosisi, ambalo kwa maji ya bahari hufikia takriban mara 25 ya shinikizo la hewa. Maji waliyopata yalikuwa matamu, ila yalitoka kidogo mno.

Jibu lilipatikana Los Angeles, katika Chuo Kikuu cha California, mikononi mwa Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, nalo lilianza na jambo ambalo mtafiti mwenye haraka angelidhania kuwa kosa la kipimo: utando uleule, ukigeuzwa juu chini, haukuzuia tena chumvi. Wawili hao walitambua kwamba nyuso zake mbili hazilingani, wakaanza kuitengeneza tofauti hiyo kwa makusudi. Waliyeyusha selulosi asetati katika asetoni pamoja na maji na chumvi ya magnesiamu, wakaitandaza juu ya kioo katika baridi, wakaacha asetoni ya juu iruke kwa muda mfupi, ndipo wakazamisha kioo katika maji yenye barafu. Uso ulioguswa na hewa uliganda ukawa ngozi nyembamba iliyobana, huku sehemu ya chini, maji yakiingia na asetoni ikitoka, ikiganda kama sifongo. Hatimaye utando ulipashwa moto katika maji ya takriban nyuzi 80 ili ngozi ijibane zaidi. Ngozi hiyo haikufikia hata mikromita moja, na sifongo yote haikuwa na kazi ila kuibeba. Maji yaliyopita yaliongezeka angalau mara kumi, bila chumvi kuachiwa, jambo ambalo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa ugunduzi mkubwa wa uhandisi wa karne ya 20.

Mwaka 1965 tando hizo, zikiwa ndani ya mirija, ziliwekwa Coalinga, California, mji wenye maji ya chini yaliyojaa chumvi, ambao zamani uliletewa maji ya kunywa kwa reli.

Katika miaka ya 1970 John Cadotte, huko Minnesota, alitenganisha kabisa kazi mbili za utando: sifongo ilitengenezwa kwa polima moja, na juu yake ngozi ya poliamidi, jamii ya nailoni, ikaundwa pale kemikali mbili, moja katika maji na nyingine katika kimiminika kisichochanganyika na maji, zilipokutana na kuungana. Ngozi hiyo hupitisha maji mengi kwa shinikizo dogo kuliko selulosi asetati, lakini klorini huila, na ndiyo maana mitambo inayotumia tando hizi huondoa klorini kwenye maji kabla hayajafika kwenye utando.