Jamaa aliyegoma kusaini

Mtu wa Chamwino hahitaji maelezo marefu kuhusu chombo kubeba abiria huku kifaa kimoja kina kasoro. Juni 24, 2002, pale Igandu, breki zilishindwa kuishika treni ya abiria, ikarudi nyuma kwenye mteremko hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha.

Sasa mdau, rudi mpaka Januari 1986, Florida, Marekani. Chombo cha anga cha Challenger kilisukumwa na roketi mbili za mafuta magumu, zile ambazo ukishawasha huzimi mpaka ziishe zenyewe. (Roketi za jamii hiyo ndizo zilizorusha setilaiti ya Uhuru kutoka pwani ya Kenya karibu na Malindi, Desemba 12, 1970.) Kila moja iliungwa kwa vipande, na kwenye maungio kulikuwa na pete mbili za mpira za kuzuia gesi ya moto isivuje. Roketi ikiwaka, presha inafanya maungio yaachie kidogo, na mpira unatakiwa ujitanue hapohapo kuziba. Mpira ukishikwa na baridi unakuwa mvivu.

Usiku wa kuamkia safari ilipiga baridi ya kugandisha maji. Wahandisi wakasema kwenye simu: msirushe. Mabosi wakavutana nao, mmoja akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja! Jamaa aliyesimamia mradi wa roketi hizo, akiwa Florida, akagoma kusaini. Sahihi ikatoka kwa mwingine kule Utah. Asubuhi yake, Januari 28, sekunde 73 tu angani, watu 7 wakafa.

Jamaa alipowasimulia wachunguzi, kampuni ikamshusha cheo. Wabunge wa Marekani wakaja juu, na kumbe akarudishwa kwa kazi nzito zaidi: kuongoza usanifu mpya wa roketi zilezile. Ukaongezwa mdomo wa chuma wa kubana maungio yasiachie, pete ya tatu, na vipasha joto. Kisha wakawasha roketi nzima ardhini ikiwa na kasoro walizozitia kwa makusudi, waone kama itastahimili. Ikastahimili.

Septemba 29, 1988, Discovery ikaruka na watu 5. Baada ya dakika kama mbili roketi zikaishiwa, zikajiachia, zikashuka baharini kwa parachuti. Zilipokaguliwa, maungio hayakuwa yamevuja.