Skrini ya bluu: Historia ya ujumbe usiosomwa

Katikati ya mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuwa inaiondoa ile skrini ya bluu inayojitokeza Windows inapozimika ghafla. Kompyuta zenye Windows 11 zingeanza kuonyesha skrini nyeusi yenye maneno machache, bila uso wa huzuni uliochorwa kwa nukta mbili na mabano. Rangi iliyowatoa watu jasho kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa imestaafishwa.

Rangi imekwenda, tatizo halijaondoka. Bado zipo kompyuta za nyumbani zinazozimika mara kwa mara, kazi ikiwa haijahifadhiwa, na bado dawa ya kwanza ya wengi ni ile ile: ipelekwe kwa fundi akapige Windows upya. Fundi anapiga Windows, mwenye mali analipa, na baada ya siku chache skrini inarudi kama ilivyokuwa. Sababu haikuwa imetafutwa. Ilikuwa imeandikwa pale kiooni, na hakuna aliyeisoma.

Wasioisoma hawana lawama kubwa. Ukifuatilia historia ya skrini hii utaona kwamba kwa muda mrefu haikuandikwa kwa ajili ya mwenye kompyuta.

Skrini tatu, waandishi watatu

Kinachoitwa skrini ya bluu kwa kweli ni skrini tatu tofauti, na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ilikuja na Windows 3.1 mwaka 1992. Ilitokea mtumiaji alipobonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja, ili aweze kuifunga programu iliyoganda. Maneno yake yaliandikwa na Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha mifumo na ambaye baadaye alikuja kuiongoza kampuni nzima. Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi wa Microsoft, amesimulia kwamba Ballmer hakupendezwa na maandishi aliyoyakuta. Wahandisi wakamwambia basi ayaandike yeye, naye akayaandika kweli. Chen alipoisimulia habari hiyo mwaka 2014, vyombo vya habari vilitangaza kuwa Ballmer ndiye mwandishi wa "skrini ya bluu ya kifo", jina la utani la skrini ya mfumo uliozimika, ikambidi Chen arudi kusahihisha: skrini ya Ballmer haikuua kompyuta.

Ya pili ni ya Windows 95, iliyozinduliwa Agosti 24, 1995. Huyo Chen ndiye aliyeikamilisha. Ilitangaza hitilafu kubwa, ikataja mahali ilipotokea kwa tarakimu zisizoeleweka, kisha ikamwachia mtumiaji nafasi ya kubonyeza kitufe na kujaribu kuendelea. Mara nyingine kompyuta iliendelea kweli, ikiwa inachechemea.

Ya tatu ndiyo mama wa skrini tunayoijua leo. Ilitoka na Windows NT, mfumo ulioundwa chini ya Dave Cutler na kuingia sokoni Julai 1993. Aliyeiandika ni John Vert, na rangi ya bluu haikuchaguliwa kwa sababu ya saikolojia wala urembo. Mashine aliyokuwa akifanyia kazi iliwaka kwa maandishi meupe juu ya bluu, na programu aliyoandikia msimbo ilikuwa na rangi hizo hizo. Aliona ni vyema mashine iwake, iandikiwe na ife kwa rangi moja.

Skrini ya Vert haikuwa na ushauri. Ilijaa namba za hitilafu na orodha ndefu ya vipande vya mfumo vilivyokuwa vikifanya kazi wakati huo. Ilikuwa ripoti ya mhandisi kwa mhandisi mwenzake. Mwenye kompyuta alikuwa mtazamaji tu.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kabla ya kuilaumu skrini, ni vizuri kujua kwa nini mfumo unaamua kusimama. Windows NT iligawanywa sehemu mbili. Programu za kawaida, kama za kuandikia barua au kusikilizia muziki, hukaa nje. Moja ikiharibika hufa peke yake, nyingine zikaendelea. Ndani ya kiini cha mfumo kuna sehemu inayogawa kumbukumbu, kusoma diski na kuamrisha prosesa. Kosa likitokea humo, mfumo hauwezi tena kuamini chochote kilichomo. Ukiendelea, huenda ukaandika takataka juu ya mafaili ya mtu. Kwa hiyo husimama makusudi, hueleza ulichokiona, na kuzima. Skrini ya bluu ni breki. Ajali imeshatokea kabla yake.

Shida ni kwamba kiini si mali ya Microsoft peke yake. Kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta, iwe printa, kadi ya picha au modemu, huja na draiva, programu ndogo inayofundisha mfumo namna ya kukitumia kifaa hicho. Draiva nyingi huandikwa na watengenezaji wa vifaa, na nyingi huingia moja kwa moja ndani ya kiini. Ni kama kuwapa wageni wote funguo za chumba cha kulala. Mmoja akikosea, nyumba nzima hulala nje.

Mwaka 1996 wageni waliongezeka. Katika toleo la NT 4.0 Microsoft ilihamishia sehemu kubwa ya kazi za picha ndani ya kiini ili mfumo uwe mwepesi zaidi. Kasi ilipatikana, lakini tangu hapo kasoro katika kazi za picha ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuangusha kompyuta nzima.

Upande wa Windows 95 na Windows 98 hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mifumo hiyo ilibeba urithi wa DOS, mfumo wa zamani wa Microsoft, na ukuta kati ya ndani na nje ulikuwa na matundu mengi. Aprili 20, 1998 dunia ilijionea. Kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akitazama msaidizi wake, Chris Capossela, akionyesha jinsi Windows 98 inavyotambua kifaa kipya bila taabu. Capossela alichomeka skana, na mbele ya ukumbi mzima skrini ikageuka bluu. Watu waliangua kicheko na kupiga makofi. Gates, huku akitabasamu, alisema bila shaka ndiyo maana hawajaanza kuliuza toleo hilo. Liliingia sokoni Juni 25 mwaka huo huo. Capossela naye hakufukuzwa. Miaka ya baadaye alikuwa mkuu wa masoko wa kampuni.

Kompyuta zinaanza kujieleza

Windows XP ya Oktoba 2001 iliwahamishia watumiaji wa nyumbani kwenye msingi wa NT, na kuzimika kukapungua. Skrini nayo ilikuwa imeanza kumsemesha mtu wa kawaida: anzisha kompyuta upya, hakikisha diski ina nafasi, ondoa kifaa au programu uliyoweka karibuni. Lakini XP ilipangwa ijiwashe yenyewe mara tu baada ya hitilafu. Ujumbe uliong'aa sekunde chache na kutoweka kabla msomaji hajafika mstari wa pili.

Mabadiliko makubwa yalikuwa nyuma ya pazia. Kompyuta zilianza kutuma ripoti za hitilafu Microsoft kwa intaneti, mwenyewe akiridhia. Oktoba 2002 Ballmer, sasa akiwa mtendaji mkuu, aliwaandikia wateja kueleza ripoti hizo zilifunua nini. Asilimia 20 hivi ya kasoro zilisababisha asilimia 80 ya matatizo yote, na asilimia 1 tu ya kasoro ilisababisha nusu ya matatizo hayo yote. Kwa mara ya kwanza kampuni ilijua kwa hesabu ni nani anayeangusha kompyuta za watu.

Hesabu hizo ziliwatia wengine aibu. Nyaraka zilizotolewa kwenye kesi ya Marekani kuhusu Windows Vista zilionyesha kuwa katika hitilafu zilizorekodiwa mwaka 2007, karibu asilimia 29 zilihusishwa na draiva za NVIDIA, kampuni ya kadi za picha. Vista ilikuwa imebadilisha namna draiva za picha zinavyofanya kazi, na nyingi hazikuwa tayari. Microsoft ilikaza masharti. Katika Vista ya biti 64, draiva isiyo na sahihi ya kidijitali haikuruhusiwa kuingia kwenye kiini, na draiva ya picha iliyoganda iliweza kuwashwa upya bila kuzima kompyuta.

Pale ambapo kosa ni la kifaa

Hatia si ya draiva peke yake. RAM yenye hitilafu, diski inayochoka, joto na umeme usiotulia huleta skrini ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani ziliugua kwa sababu ya kapasita zilizovimba na kuvuja kwenye ubao mama. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kugharimia matengenezo ya kompyuta za aina hiyo, zikiwamo baadhi ya OptiPlex, jina linalofahamika vizuri kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Intel. Prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa kupokea volti kubwa mno. Kampuni ilitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Mtu mwenye prosesa iliyokwisha kuharibika angeweza kupiga Windows kila siku bila kupona.

Hapa ndipo historia inapogeuka somo la nyumbani. Namba au jina la hitilafu likijirudia lile lile kila mara, shuku draiva au kifaa kimoja. Yakija majina tofauti bila mpangilio, shuku RAM, joto au pawa saplai. Hitilafu 0x116 huelekeza kwenye kadi ya picha au draiva yake. Namba 0x7A humaanisha mfumo umeshindwa kusoma data kutoka kwenye diski, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza. Namba 0x124 ni prosesa au kifaa kingine kinacholalamika chenyewe. Namba 0xD1 karibu kila mara ni draiva.

Vifaa vya uchunguzi vimo ndani ya Windows. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, na kompyuta itapima RAM yake inapojiwasha. Zikiwa RAM mbili, jaribu moja moja. Mafundi wengi husugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, na wakati mwingine inasaidia. Andika perfmon /rel, utaona kalenda ya hitilafu na vitu vilivyowekwa siku hiyo. Ndani ya folda ya Windows kuna folda iitwayo Minidump, ambako kila hitilafu huacha faili lake. Programu ya bure ya BlueScreenView, iliyoandikwa na Nir Sofer, huyafungua mafaili hayo na kutaja draiva inayoshukiwa. Windows isipofunguka kama kawaida, ingia kwa hali salama (Safe Mode), inayopakia draiva chache tu za lazima. Ikitulia humo, adui yumo miongoni mwa zile zilizoachwa nje.

Ijumaa ya Julai 2024

Mwaka 2012 Windows 8 ilifuta namba nyingi na kuweka uso wa huzuni pamoja na jina moja la hitilafu kwa herufi kubwa. Mwaka 2016 Windows 10 iliongeza msimbo wa QR wa kupigwa picha kwa simu. Skrini ilikuwa na adabu zaidi, na habari pungufu zaidi.

Kisha ikaja Ijumaa, Julai 19, 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilisambaza sasisho dogo la programu yake, ambayo sehemu yake hukaa ndani ya kiini. Programu ilitarajia taarifa 20, faili likadai 21, na ikasoma mahali pasipo pake. Kosa liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaingia kwenye skrini ya bluu na hazikuweza kuwaka. Viwanja vya ndege, hospitali na benki katika nchi nyingi vilikwama. Tiba yake ilikuwa ile ya miaka yote: mtu akae mbele ya mashine, aingie kwa hali salama, afute faili moja. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta hizo hazikufika asilimia 1 ya zote zinazotumia Windows.

Msukosuko huo ndio uliozaa skrini nyeusi ya 2025, pamoja na mfumo wa kuirekebisha kwa mbali kompyuta inayokataa kuwaka, na mpango wa kuzitoa programu za usalama ndani ya kiini. Microsoft inasema skrini mpya inaonyesha wazi msimbo wa hitilafu na jina la draiva iliyohusika. Baada ya miaka zaidi ya 30 ujumbe unaelekezwa kwa anayeuona.

Basi usome. Kompyuta yako ikizimika, iwe kwa bluu au kwa weusi, piga picha skrini kwa simu kabla haijatoweka, na andika ulichoweka au kuchomeka siku za karibuni. Ukienda kwa fundi, nenda na picha hiyo. Na fundi akikuambia tupige Windows bila kuuliza hitilafu iliitwaje, tafuta fundi mwingine.