Farasi na wanyama wa mizigo katika ardhi ya umma ya Marekani

Sheria za wanyama wa kupanda na wa mizigo zinaamua nani aingie na mnyama katika misitu ya taifa, hifadhi za taifa na maeneo ya pori asilia nchini Marekani, aingie na wanyama wangapi na kwa masharti gani. Wanyama wanaohusika ni farasi, punda, lama na hasa nyumbu, mzao wa punda dume na farasi jike, ambaye hubeba kilo 70 hivi katika shogi mbili. Hakuna sheria moja inayokusanya mambo haya yote. Yametawanyika katika sheria za Bunge, kanuni za idara na hukumu za mahakama.

Msingi ni Sheria ya Pori Asilia, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 3 Septemba 1964. Sheria hiyo ilipiga marufuku magari, mashine za injini na usafiri wa mitambo katika maeneo iliyoyatenga, na kwa tafsiri ya idara zinazoyasimamia hata baiskeli haziruhusiwi. Wanyama hawakutajwa katika marufuku hayo. Mti ukianguka njiani, kwa kawaida kikosi cha matengenezo hakiruhusiwi kuukata kwa msumeno wa injini. Watu wawili hukabiliana ncha hii na ile ya msumeno mrefu wa mkono, nao msumeno huo, mashoka, mahema na chakula cha siku kadhaa huwa vimefika mgongoni mwa nyumbu. Sheria iliyofukuza injini ndiyo iliyompa nyumbu kazi.

Hata hivyo, kutokatazwa si kupewa haki. Sheria hiyohiyo inasema biashara, kwa mfano ya wenye kukodisha farasi na kuongoza misafara, inaweza kufanyika humo kwa kiasi tu kinacholazimu ili watu wayafaidi maeneo hayo kama yalivyokusudiwa. Ugomvi karibu wote uliofuata umezunguka maneno hayo machache: kiasi gani ndicho kinacholazimu, na nani akipime?

Milima ya Sierra Nevada, California, ndiko ugomvi ulikokuwa mkali zaidi. Theluji ikiyeyuka, mbuga za juu hubaki zimelowa kwa wiki kadhaa. Kwato huzama, mizizi hukatika, na maji huanza kuchimba mfereji pale palipokuwa na nyasi. Wanaotembea kwa miguu hulalamika pia juu ya samadi na inzi. Wenye wanyama hujibu kwamba mzee au mlemavu hawezi kuzifikia mbuga hizo kwa njia nyingine, na kwamba walikuwa wakipita humo kabla hifadhi hazijaundwa. Pande zote mbili zina hoja, ingawa ile ya ukongwe wa desturi ndiyo dhaifu zaidi, kwani mbuga iliyoharibika haijali nani alitangulia.

Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha watembea kwa miguu cha Sierra, iliilaumu Idara ya Misitu kwa kutoa vibali vya biashara katika maeneo ya pori asilia ya John Muir na Ansel Adams bila kupima ipasavyo kiasi kinacholazimu. Mwaka 2012 hukumu ya namna hiyo ikaziangukia hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, na msimu wa kiangazi ukawa mashakani kwa wenye biashara ya misafara. Safari hii Bunge lilikwenda mbio. Tarehe 5 Juni 2012 Rais Barack Obama alitia saini sheria fupi iliyoruhusu vibali viendelee kutolewa wakati mpango mpya wa usimamizi ukiandaliwa. Mpango huo ulikamilika mwaka 2015.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa limeshakwama. Mbunge George Radanovich wa California aliwasilisha muswada wa kulinda matumizi ya farasi na wanyama wa mizigo popote palipokuwa na desturi hiyo katika ardhi ya serikali kuu. Haukuwa sheria. Bunge limekuwa jepesi kuokoa msimu mmoja kuliko kutoa haki ya kudumu.

Kwenye njia zenyewe mambo si mamoja. Sheria ya Mfumo wa Njia za Taifa ya 1968 iliitambua njia ya Pacific Crest, inayotoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada na iliyo wazi kwa farasi. Ya Appalachian, iliyotambuliwa na sheria hiyohiyo, karibu yote ni ya miguu. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali walikuta ni robo tu ya maili 158,000 za njia za Idara ya Misitu iliyokidhi viwango. Sheria ya 2016 ikaiagiza idara hiyo iongeze kazi ya kujitolea. Vyama vya wapanda farasi, kikiwamo kile kilichoanzia bonde la Flathead, Montana, mwaka 1973, vimekuwa miongoni mwa wanaoifanya.

Mengine huamuliwa na ofisi ya kila eneo. Katika maeneo ya John Muir na Ansel Adams kikomo cha msafara mmoja ni watu 15 na wanyama 25. Kwingine mbuga hufunguliwa kwa tarehe maalumu, na nyasi kavu za kulishia lazima ziwe na cheti kwamba hazina mbegu za magugu. Anayepanga safari aulize ofisi ya eneo analokwenda kabla hajatandika mnyama.