Uhuru wa Kuombwa: Karafuu za Pemba na Amri ya 1897

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini na Waingereza mwaka uliotangulia, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mara nyingi tunaitaja kana kwamba siku ile minyororo ilikatika. Ukiisoma kifungu kwa kifungu utaona haikumwacha huru mtu yeyote kwa nguvu yake yenyewe. Ilimruhusu mtumwa aende mahakamani akadai uhuru wake. Asiyekwenda alibaki alipokuwa. Aliyekwenda alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana wake alilipwa fidia. Yeye aliyepalilia na kuchuma miaka yote hiyo hakulipwa kitu, na masuria waliwekwa kando mpaka amri nyingine ya 1909. Naamini kosa hili, la kumtwisha aliyeonewa kazi ya kuthibitisha uonevu, ndilo ambalo kampuni nyingi za leo zinalirudia zinapodai kuwa zimepiga vita utumwa katika mnyororo wa bidhaa zao.

Amri ya 1897 iliandikwa kwa woga, na sababu ilikuwa karafuu. Ushuru wake ulikuwa nguzo ya mapato ya serikali, na maofisa wa Kiingereza waliogopa kwamba watumwa wakiondoka kwa pamoja mavuno yangeozea mitini. Tayari walikuwa na funzo la awali. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la mjini Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama. Bei ikapanda, wenye mashamba wa Pemba wakapanda miti zaidi, na majahazi yakaendelea kuvusha watu kutoka bara kwa magendo, usiku, kwenye vijito vya mikoko. Marufuku ilikuwa baharini. Aliyehitaji mikono alikuwa shambani, na mnunuzi wa ng'ambo aliendelea kununua bila kuuliza nani amechuma. Ukiziba mahali pamoja na kuacha haja ya kazi ya bure ilivyo, watu wataendelea kunaswa kwa njia nyingine.

Watetezi wa amri ya 1897 walikuwa na hoja, nayo inastahili kujibiwa. Walisema watumwa wengi hawakwenda mahakamani kwa sababu waliridhika. Ni kweli kwamba waliojitokeza walikuwa wachache kuliko walioendelea kukaa mashambani. Lakini tuangalie walichokuwa nacho: nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya bwana, kishamba cha muhogo ndani ya shamba lake, watoto na majirani palepale. Kisha mahakama yenyewe, ambako Pemba mara nyingi aliyeketi kusikiliza alikuwa liwali wa tabaka lile lile la wenye mashamba. Wamisionari wa Marafiki (Waquaker) waliofika Pemba mwaka huo huo walilalamikia ugumu wa njia hiyo. Kimya cha mtu wa namna hii si ushahidi wa ridhaa. Na ule uchumi uliohofiwa kuanguka haukuanguka: wenye mashamba walijifunza kuwapa watu ardhi ya kulima ili wabaki na kupalilia, na kuwalipa wachumaji kwa pishi, na Zanzibar ikaendelea kuongoza dunia kwa karafuu kwa miongo mingi.

Atasema mtu kwamba kampuni ya leo haimiliki binadamu, hivyo ulinganisho huu ni wa kuonea. Haimiliki, kweli. Ila mfanyakazi wa ndani aliyetoka Mombasa au Tanga kwenda Ghuba, pasipoti yake ikiwa kabatini kwa mwajiri na deni la wakala likimsubiri nyumbani, anaambiwa vilevile: ukionewa, lalamika. Sheria ya Uingereza ya 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa kila mwaka, lakini hata inayoandika kwamba haijachukua hatua yoyote imetimiza sheria. Nyingine huweka namba ya simu ya malalamiko, na isipopigiwa zinahitimisha kuwa mambo ni shwari.

Mnunuzi ndiye anayepaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha, si aliyeonewa. Alipe yeye gharama za kuajiri badala ya mfanyakazi, ahakikishe kila mtu anashika pasipoti yake, afuatilie bidhaa mpaka shambani badala ya kuishia kwa muuzaji wa kwanza, na alipe bei inayoweza kutoa ujira. Na anapokuta watu wamenaswa, fidia iende kwao kwanza. Mwaka 1897 ilikwenda kwa mabwana.