MCHIRIKU: Muziki wa Kitaa Uliolitosa Gitaa la Moro

Mtajie Morogoro mzee yeyote aliyekuwa mtu wa dansi, atakujibu kwa magitaa. Mji huo chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944, ukawa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, halafu akatokea Mbaraka Mwinshehe na solo lake. Morogoro Jazz walifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, ila heshima ilibaki palepale: mwanamuziki ni mtu mwenye gitaa.

Tatizo ni kwamba gitaa lenyewe mara nyingi halikuwa lake. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, chama au shirika. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu. Sasa kijana wa Manzese asiye na kazi angelitoa wapi? Na dansi lilikuwa na adabu zake: wimbo unaanza taratibu, mashairi yanaimbwa, watu wanacheza kistaarabu, ndipo linakuja chemko, magitaa yanapanda na jasho linatoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Dar, kilomita kama 190 kutoka Moro, masela wa uswahilini wakavitosa vyote hivyo. Hakuna solo, hakuna besi. Walikuwa na kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa wenye nazo ni cha mtoto kuchezea, ngoma kadhaa, kigoda kinachogongwa kwa vijiti, na spika za honi kama za msikitini. Sauti inakwaruza, inakoroma, na wao wanataka ikorome hivyo hivyo. Wimbo unaingia kwenye chemko tangu mwanzo na hautoki humo mpaka watu wachoke. Juu yake kuna mtu anaimba maisha magumu, unga, Ukimwi na mapenzi ya kuumizana. Huo ndio mchiriku.

Wakaitwa wahuni. New York, mwaka 1978, vijana waliokuwa wanavuruga rock kwa makusudi walirekodiwa na Brian Eno kwenye albamu ya No New York, na mpaka leo wanaandikiwa vitabu. Wa Manzese walikuwa wanavunja kanuni vilevile, bila hata gitaa la kuvunja, na malipo yao yakawa kupigwa marufuku kukesha. Wengi wa wapiga vinanda wale wa mwanzo hawajulikani majina nje ya mitaa yao.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Mchiriku umetoka kwenye ngoma za Wazaramo, na masimulizi ya Wazaramo yanasema wahenga wao walishuka kutoka Uluguru. Kwa hiyo waliolitosa gitaa la Moro walikuwa na mzizi mlima uleule! Lile gitaa ndilo lililokuwa geni, lilikuja na santuri za Kuba, ila mgeni akishakaa miaka mingi anaanza kuitwa mwenyeji.

Jagwa Music wa Mwananyamala, walioanza 1992, ndio waliovuka mipaka: albamu yao, Bongo Hotheads, ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Nyumbani kwa wakati huo mdundo ulikuwa umeshaingia kwenye kompyuta, umeongezewa mwendo mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ukaitwa singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko kutoka studio ya uswahilini Dar, na Ulaya wakaanza kuuita muziki wa majaribio.

Ukiipiga leo kwa spika nzuri, sikiliza ile sauti nyembamba inayolia juu ya bit. Ni kinanda kilekile cha mtoto, kimekimbizwa tu.